Jakuzi Lisilolia

Tarehe 9 Septemba 2014 Pembe alipewa leseni ya fundi vigae wa daraja la kwanza. Tarehe hiyo imechapwa kwenye kadi ya plastiki anayoivaa shingoni kazini, chini ya picha ambayo hacheki. Jina la Pembe alibandikwa na mafundi wenzake, wote wanaume, kwa sababu hatoki kwenye chumba kabla ya kupachika rula yake ya pembe mraba kwenye kila kona. Na kwa sababu, kama walivyosema akishageuza mgongo, ukimgusa unachomwa. Hakulikataa. Aliliandika kwa rangi nyeusi kwenye ndoo zake zote.

Kazi ya vigae hufanywa kwa magoti. Fundi anashuka asubuhi na kupanda jioni, na katikati anatambaa kinyumenyume kuelekea mlangoni. Magoti ya Pembe yalianza kuuma asubuhi tu, yakahamia mchana, kisha yakaacha kuchagua saa. Siku moja, kwenye sebule ya mteja, aliweka kigae cha mwisho cha mstari na akashindwa kunyanyuka. Mteja, bibi aliyekuwa amemsimamia kama mlinzi wa benki, akamwuliza kama anasali. Pembe akamjibu kwamba anapima. Aliendelea kupima mpaka yule bibi alipokwenda jikoni, ndipo akajivuta kwa mguu wa meza.

Mtaalamu wa viungo ambaye Pembe alikwenda kumwona alikuwa mwanamke kijana mwenye kucha fupi na huruma fupi kuliko kucha.

"Kunja," alimwambia.

"Nimekunja."

"Umekunja uso, mama. Nimesema goti."

Alilishika, akalizungusha, akasikiliza linavyosaga. Kisha akanawa mikono na kueleza bila kupamba. Mazoezi ya nchi kavu Pembe asingeyaweza, angelia na angeacha. Alihitaji kuyafanya ndani ya maji ya moto kiasi, mwili ukiwa mwepesi, akiwa ameshika ukingo mgumu, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Miezi mitatu.

"Baada ya hapo utakuja hapa, utapiga magoti kwenye mkeka ule, utanyanyuka bila kushika kitu. Ukiweza, rudi kazini. Usipoweza, jina lako nalipeleka kwa daktari wa upasuaji."

"Akinipasua, nitaweka vigae?"

"Utatembea. Utapanda ngazi. Vigae watakuwekea wengine."

Pembe ameona vigae vya wengine. Alipofika kituo cha basi alikuwa ameshaamua. Bwawa pekee la mjini lilikuwa na maji baridi na watoto wanaopiga kelele, kwa hiyo angenunua jakuzi lake mwenyewe, dogo, la watu wawili, lenye hita na pampu yake, la kukaa kwenye veranda ya nyuma na kufanya kazi bila kusumbua. Hakutaka taa za rangi wala muziki. Alitaka kitu cha kuaminika.

Mumewe anaitwa Spea na kila mtu, hata na mama mkwe wake alipokuwa hai. Ana kaunta ya vipuri vya majokofu na mashine za kufulia. Ameishi nyuma ya kaunta hiyo akipokea maiti za vyombo vya watu, na imani yake ni moja tu, kwamba kila kitu kitakufa, na kilichobaki ni kujua kama kinafunguka. Mwaka ule Pembe alipopata leseni, Spea aliwaambia wateja kwamba mke wake sasa anapaka tope kwa kibali cha serikali. Maneno hayo yalimfikia Pembe kabla jua halijazama. Tangu hapo ameweka vigae kila chumba cha nyumba yao isipokuwa kile ambacho Spea anahifadhi vipuri. Huko sakafu ni ya saruji, inatoa vumbi. Yeye hajaomba, na mkewe hajajitolea. Hawajawahi kupigana. Hugombana kwa zamu, mezani, kama watu wanaocheza drafti.

"Jakuzi," Spea alirudia aliposikia. "La nani?"

"La magoti yangu."

"Magoti mawili, jakuzi la watu wawili. Kila goti na kiti chake."

"Wewe hukuhesabiwa."

"Sijaomba kuhesabiwa. Nauliza tu nani atalitengeneza likifa."

"Halijanunuliwa, umeshalizika."

"Kuna kitu gani ndani ya nyumba hii ambacho sikukizika mimi?"

Hata hivyo Jumamosi alivaa viatu akafuatana naye. Si kwa mapenzi. Hakuweza kuvumilia kitu chenye mota kiingie nyumbani kwake kabla hajakiona tumbo.

Duka la kwanza waliuziwa maneno kuhusu jakuzi la kujazwa upepo. Lilikuwa rahisi kubeba, rahisi kukunja, rahisi kuweka kabatini. Pembe aliubonyeza ukuta wake kwa kidole gumba, ukuta ukabonyea, akauachia, ukarudi taratibu. Alijaribu kushika ukingo kama alivyofundishwa na ukingo ukamkimbia mkononi.

"Hili ni godoro lenye mimba," akasema.

"Leo umeona kitu," Spea akajibu. Walikuwa wamekubaliana, na hakuna kati yao aliyependezwa.

Duka la pili lilikuwa ukumbi mkubwa wa vifaa vya bafuni, masinki yamepangwa ukutani na vyoo vimekaa kwa safu kama vinasubiri mgeni rasmi. Kule mwisho yalikuwapo majakuzi madogo matatu. Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye tai iliyokaza na manukato yaliyomtangulia hatua kadhaa, aliwapokea kwa mikono miwili.

"Karibuni wazee wangu. Mnatafuta la starehe au la afya?"

"La kutovunjika," Pembe akasema, na akatoa mkobani kipini cha mbao cha nyundo yake ya mpira.

Hapa inabidi kueleza jambo moja la kazi yake. Kigae kilichokaa vizuri juu ya saruji, ukikigonga, kinanyamaza. Sauti inazama chini na kuishia huko. Kigae chenye uwazi chini yake kinajibu kwa mlio wa juu, mwembamba, nacho kitapasuka siku mtu atakapokiwekea mguu wa kabati. Mafundi husema "kinalia" na hawaongezi neno. Pembe amebomoa sakafu nzima za watu kwa neno hilo, amefukuza vibarua kwa neno hilo, na kwa miaka yote hiyo masikio yake hayajamdanganya juu ya sakafu yoyote.

Aligonga jakuzi la kwanza, ubavuni, mara chache.

"Linalia."

Muuzaji akatazama waya uliokuwa umekunjwa pembeni. "Linalia vipi, mama, na hata halijawashwa?"

"Ndiyo maana nashangaa. Halijawashwa na linalia. Likiwashwa si litapiga mayowe?"

Aligonga la pili. Hilo lilikuwa la bei nafuu zaidi, nalo lililia kuliko la kwanza, mlio wa ndoo. Alikuwa ameshaliacha alipogundua kwamba mumewe haonekani. Viatu vyake vilikuwa vimetokeza chini ya jakuzi hilo hilo. Spea alikuwa amelala chali sakafuni, ameng'oa ubao wa ubavuni kwa bisibisi aliyokuja nayo mfukoni, na tochi iko mdomoni.

"Mzee, tafadhali, hilo ni la maonyesho."

Spea akatoa tochi mdomoni. "Na mimi naonyeshwa."

Ndani kulikuwa na fremu, pampu, hita, na mabomba yanayopita hewani kutoka kiungo hadi kiungo. Kila kimoja mkono ungekifikia. Mbao za pande zote nne zilishikwa kwa skrubu tu.

"Chukua hili," ikasema sauti yake kutoka chini. "Linafunguka lote."

"Hilo ni tupu."

"Lina nafasi. Nafasi ya mkono wa fundi."

"Nafasi ya panya."

Pembe akaenda kwa la tatu. Aligonga, akangoja. Sauti ilizama. Aligonga upande wa pili, kwenye ngazi yake, chini ya ukingo, na kila mahali palinyamaza kama sakafu ya benki. Uso wake ulibadilika kidogo, na muuzaji, ambaye kazi yake ni kuona nyuso zikibadilika kidogo, akasogea.

"Hilo mama limejazwa povu gumu chini lote. Linatunza joto, halili umeme, halitikisiki."

Maneno yote matatu yalikuwa kweli. Spea alinyanyuka, akapangusa suruali.

"Na bomba likivuja ndani ya povu?"

"Haliwezi kuvuja, mzee. Limeshikwa."

"Nimekuuliza likivuja."

"Kuna dhamana ya mwaka."

"Sijauliza dhamana. Nimeuliza mkono unapita wapi."

"Mwache," Pembe akamwambia muuzaji. "Huyu hata akiona jeneza huuliza limefungwa kwa skrubu za saizi gani."

"Mke wangu," Spea aliutangazia ukumbi mzima, wakiwamo wanandoa vijana waliokuwa wakichagua bomba la sinki, "ananunua mashine kwa masikio."

"Wewe nilikuchagua kwa macho. Ndiyo maana sasa natumia masikio."

Kwa kuwa magoti yalikuwa ya Pembe na fedha zilikuwa za Pembe, waliondoka na risiti ya lile lililonyamaza.

Lililetwa kwenye veranda ambayo aliiweka vigae mwenyewe, na wapachikaji walipolishusha walitafuta pa kuchomeka kabari wakakosa, sakafu ilikuwa sawa hata kwa pima maji. Fundi umeme alilivutia waya wake peke yake na swichi yake. Pembe alilitunza kama alivyoagizwa na zaidi. Alipima dawa ya maji kila siku, aliosha chujio kila wiki, na alifunga kifuniko kwa vibanio vyote vinne hata akiingia ndani kuchukua taulo.

"Unafunga la nini?" Spea alimwuliza kutoka dirisha la jikoni, sahani mkononi. "Ningetaka kuoga na mtu mgomvi ningeingia bafuni nikaangalia kioo."

Asubuhi alikuwa humo, jioni alikuwa humo. Alishika ukingo, akashuka, akahesabu, akapanda. Spea alikula chakula chake chote cha kipindi hicho akiwa amesimama dirishani.

"Umeiva?"

"Bado."

"Ukiiva uniambie nilete chumvi."

"Hata nikiiva hutanitafuna. Meno ya mbele unayo ya picha tu."

Lakini magoti yalilegea. Kwanza maumivu yaliacha usiku, kisha yakaacha asubuhi. Mwezi ulipoisha mtaalamu alimkunja goti, akalikunja tena kama asiyeamini, akasema, "Endelea hivyo hivyo," na kwake hiyo ilikuwa sifa. Pembe alianza kupokea simu za wateja. Aliwaambia wasubiri kidogo, na alipokata simu alipitisha kitambaa kwenye mashine yake ya kukatia vigae.

Mwezi wa pili ulipokuwa unakaribia kwisha, maji yalianza kupungua. Alifungua kifuniko asubuhi akakuta yameshuka upana wa kidole. Aliongeza. Kesho yake yalikuwa yameshuka tena. Sakafu ilikuwa kavu, hapakuwa na tone. Pembe alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha saruji.

"Umefungua wapi?"

Spea hakuinua kichwa kutoka kwenye mota aliyokuwa akiifumua. "Wapi nini?"

"Maji yangu yanapungua."

"Ningeweza kulifungua lile, nisingekuwa na shaka nalo toka mwanzo."

Wiki haikuisha. Maji yalishuka chini ya tundu la pampu, hita ikajizima, taa nyekundu ikaanza kukonyeza. Duka lilimtuma fundi. Alifungua kidirisha kidogo cha mbele, kidirisha pekee kilichokuwapo, na nyuma ya pampu akakutana na ukuta wa povu wa rangi ya siagi. Alisimama mbele yake kama mtu aliyekuta ofisi imefungwa. Akachomeka kidole. Kilitoka kimelowa.

"Bomba limeachia humu," akasema. "Humu wapi, sijui. Povu limekunywa maji yote. Panapolowa sipo panapovuja."

"Si uchimbe."

"Nachimba kuelekea wapi, mama? Hili lazima liende karakana, lilazwe ubavu, povu lichongwe lote, bomba litafutwe, lizibwe, likauke, lijazwe upya."

"Muda gani?"

"Miezi miwili. Kazi zikiwa chache, mmoja na nusu."

Miadi ya mkeka ilibaki mwezi mmoja na siku kidogo. Pembe alifanya hesabu hiyo akiwa amesimama, na alipogeuka alimwona Spea kwenye mlango wa jikoni, kikombe mkononi. Hakuwa akicheka. Hakuwa akifanya lolote.

"Sema," Pembe akamwambia.

"Sijasema kitu."

"Unanyamaza kwa sauti kubwa."

Alimpigia simu mtaalamu kuomba aongezewe muda.

"Miadi naweza kuisogeza," mtaalamu akajibu. "Goti siwezi kulisogeza. Ukikaa bila mazoezi wiki mbili tatu, linarudi lilikotoka, na safari hii linakuwa na hasira."

Goti halikungoja hata hizo wiki. Siku chache tu baadaye Pembe alikuwa anashuka ngazi za mbele kwa ubavu, mkono mmoja ukutani, mguu mbaya kwanza.

Ndipo yule muuzaji mwenye manukato alipopiga simu na kusema duka linasimama na dhamana yake. Mama achague, alisema kwa adabu iliyochongwa. Wanaweza kulitengeneza lile lile na yeye akasubiri. Au wanaweza kulibadilisha mara moja, ila kwa sasa stoo wana aina moja tu ya ukubwa ule.

"Aina gani?"

"Lile mama la bei nafuu, lililokuwa linalia."

Pembe alikaa kitandani na simu mapajani. Jambo lenyewe lilikuwa wazi kama mchana, na bado alilizungusha. Akilichukua lile, Spea atakuwa amesema kweli. Atakuwa amesema kweli wakati wa chai, atakuwa amesema kweli wakati wa chakula, na atakuwa amesema kweli kwenye kaunta, mbele ya kila mwenye jokofu bovu, mpaka mmoja wao afe. Asipolichukua, vigae atawekewa na wengine. Mtu mwingine angeona aibu kuvipima viwili hivyo kwenye mizani moja. Pembe alivipima, na kwa muda mrefu mizani haikuinama.

Siku ya kwenda dukani Spea alinyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi, kama anayekwenda kusikiliza hukumu ya kesi aliyoishinda tayari. Alisimama hatua moja nyuma ya mkewe, mikono mgongoni.

"Haya, wazee wangu," muuzaji akasema. "Tunachagua lipi?"

"Muulize yeye," Spea akasema. "Mimi ni macho tu. Mwenye masikio ni huyo."

Pembe alimtazama muuzaji. "Niletee kiti."

Kiti kililetwa. Alikaa mbele ya lile jakuzi la bei nafuu, mguu mbaya ameunyoosha, kipini cha nyundo kimebaki nyumbani. "Fungua ubavu huu."

"Mama, kwani si tulikwisha..."

"Fungua."

Muuzaji akavua koti, akaazima bisibisi stoo, akapiga magoti na kufungua. Pembe akainama kadiri alivyoweza. "Kila kiungo cha bomba mkono unakifikia?"

"Kila kimoja."

"Kishike nione."

Akashika. Akaambiwa ashike kingine, na kingine, mpaka tai ikaingia vumbi. Kisha Pembe akauliza pampu ikifa inang'oka peke yake au mpaka litolewe maji lote. Akauliza hita inauzwa peke yake au inauzwa na boksi lake. Akauliza chujio ni la saizi ya kawaida au ni la kuagizwa. Akauliza mbao za pande nyingine zinafunguka kwa bisibisi hiyo hiyo, na akataka zifunguliwe. Aliuliza moja baada ya jingine, kwa mpangilio, bila kugeuza shingo.

Nyuma yake Spea alikohoa. "Maswali yangu hayo."

"Yalikuwa yako," Pembe akasema. "Hukuyauliza vizuri." Akamwashiria muuzaji, aliyekuwa bado chini. "Nileteeni hili."

Njiani taa za barabarani ziliwasimamisha, na Spea, aliyeshika usukani, akamgeukia mkewe.

"Sema basi."

"Niseme nini?"

"Kwamba nilisema kweli. Sitaki hotuba."

"Nilichosikia nilisikia sawasawa. Lile halikuwa linalia."

"Na likavuja."

"Likavuja. Na wewe ukafurahi."

Spea alifikiri. Si mtu wa kukana kitu ambacho kimeshafumuliwa. "Nilifurahi sana," akasema. "Mpaka ulipoanza kushuka ngazi kwa ubavu. Hapo ikapungua."

"Ikapungua kiasi gani?"

"Usipime kila kitu."

Taa zikawaka kijani. Gari la nyuma likapiga honi, na Spea akamtukana dereva wake bila kutazama kioo.

"Sisemi," Pembe akasema.

"Basi likiletwa sitakuwepo. Watakukuta peke yako."

"Sijakuomba."

Jakuzi la pili litaletwa Alhamisi asubuhi, na la kwanza litaondoka na gari hilo hilo. Spea atakuwa kaunta. Pembe atawafungulia lango mwenyewe, atalijaza maji, na yakishapata moto atashuka ndani na kuanza upya. Miadi ya mtaalamu haikusogezwa.